Maswali ya Wasomaji: Vijibwa Wageni na Paka Mwenyeji

Barua kadhaa zilizotufikia kutoka Mombasa zinahusu jambo moja: nyumba iliyokuwa na paka peke yake imepokea vijibwa, na utulivu umetoweka. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo watu wema hulitenda wakidhani wanasaidia.

Swali: Assalamu alaikum, Daktari. Tunaishi Tudor, katika nyumba yenye ua mdogo upande wa nyuma. Tuna paka jike wa rangi ya machungwa ambaye amekuwa nasi kwa miaka 6. Majuzi mume wangu alileta vijibwa wawili wa tumbo moja, wenye umri wa miezi miwili hivi, ili wakikua walinde nyumba, kwa kuwa wezi wamezidi mtaani. Tangu siku hiyo paka hashuki kutoka juu ya kabati ila usiku, na ameshakojoa kitandani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akishuka tu, vijibwa humkimbiza kwa furaha, na mmoja wao amekwaruzwa pua. Mwanangu humbeba paka na kumsogeza karibu nao ili wazoeane. Mama mkwe anasema tuwaache wapambane mpaka waheshimiane. Nifanyeje? – *Mama wa Watatu, Tudor*

Jibu: Wa alaikum salaam, dada yangu. Inawezekana kabisa wanyama hawa wakaishi pamoja bila kudhuriana, na kwa umri wa vijibwa wenu umeniandikia wakati mzuri, lakini mambo mawili uliyoyataja yanapasa kukoma leo hii.

La kwanza ni kumbeba paka na kumpeleka kwa vijibwa. Paka anayejiona yumo hatarini hutegemea kukimbia na kupanda juu, na akinyimwa njia hiyo kwa kushikwa mikononi, hubakiwa na kucha na meno tu, ambayo yataishia usoni mwa mwanao au machoni mwa kijibwa. Kijibwa wa miezi miwili hajajifunza kukwepa. Hujitosa kichwa mbele, na ukucha mmoja unaweza kupasua utando wa mbele wa jicho na kulipofusha. Aliyekwaruzwa pua amepata bahati. Mwambie mwanao kwa upole, maana amefanya kwa mapenzi, kwamba tangu sasa kazi yake itakuwa kuwashughulikia vijibwa, naye paka aachwe ajiendee mwenyewe.

La pili ni kuwaacha wapambane. Mama mkwe wako bila shaka ameona mbwa na paka wengi waliokua pamoja katika ua mmoja bila mtu kuwafundisha, na ninamwamini. Mara nyingi, hata hivyo, mbwa hao walizaliwa na kumkuta paka pale pale, mama yao akiwa ameshamzoea. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi tangu kuzaliwa, mbwa hupokea kwa wepesi mkubwa mafunzo ya nani ni mwenzake na nani ni wa kuogopwa au kukimbizwa, na wepesi huo haurudi tena kwa kiwango hicho maishani. Vijibwa wenu wamo katikati ya kipindi hicho. Kumkimbiza kiumbe anayetoroka ni raha tosha kwa mbwa hata asipomshika, kwa hiyo kila mara paka anaposhuka na kufukuzwa hadi kabatini, vijibwa wanapata somo lenye zawadi ndani yake. Leo kila mmoja ana kilo chache tu, na paka anaweza kumzuia kwa kofi moja. Kabla ya mwaka kuisha huenda akawa na kilo 20 au zaidi, akiwa na tabia ile ile na taya za mbwa mzima. Ndiyo kusema, wakiachwa watazoea kweli, lakini watakachokizoea ni kukimbiza.

Sasa tuanze na paka, kwa sababu yeye ndiye aliyepoteza zaidi. Wazee walisema paka wa nyumba haingwa, na katika jambo hili huo ni ushauri wa kitabibu kabisa: hakuna hatua itakayofaulu kabla paka hajarudishiwa nyumba yake. Wekeni mpaka. Vijibwa wawe na eneo lao, ua na jikoni kwa mfano, na fundi seremala awatengenezee geti dogo la mbao lenye kimo cha sentimita 70 hivi la kuwekwa mlangoni. Paka mzima ataliruka bila taabu, nao vijibwa hawataliweza kwa sasa. Upande wa pili wa geti hilo uwe wa paka, mchana na usiku, na asikutane humo na mbwa aliyefunguliwa.

Ndani ya upande wake, mpeni njia za juu. Kabati analo tayari, lakini kabati moja ni kama kisiwa bila mtumbwi: yuko salama pale, ila hawezi kwenda kokote bila kushuka sakafuni. Rafu ya ukutani, meza iliyosogezwa karibu na dirisha, au kiti kirefu karibu na mlango vitamwezesha kutoka chumba hadi chumba bila kukanyaga chini. Chakula na maji yake viwekwe mahali pa juu. Beseni lake la mchanga liwe katika chumba ambacho vijibwa hawafiki kabisa, kwanza kwa sababu paka hatakubali kujisaidia mahali anapoweza kuviziwa, na pili kwa sababu vijibwa hupenda kula kinyesi cha paka na hujipatia minyoo kwa njia hiyo.

Hilo linanileta kwenye kitanda. Paka wako hakulipiza kisasi, tafadhali asiadhibiwe. Yaelekea alitaka kwenda haja, akaona njia ya kufikia beseni lake imezibwa na vijibwa, akachagua mahali laini penye harufu ya watu anaowaamini. Osha godoro kwa sabuni na maji mengi, ulianike juani mpaka harufu iishe, na usitumie dawa ya kusafishia yenye amonia, kwa kuwa harufu yake inakaribiana na ya mkojo na humrudisha paka pale pale. Ukiona anachuchumaa mara kwa mara na kutoa matone tu, au mkojo una damu, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu wasiwasi mwingi huweza kuleta uvimbe wa kibofu. Kwa paka dume hatari ni kubwa zaidi: njia yake ya mkojo ni nyembamba na ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Vilevile paka asiyekula kabisa kwa siku nzima asingojewe, maana mafuta huanza kujaa kwenye ini lake upesi kuliko kwa wanyama wengi.

Baada ya siku kadhaa za utengano huo, paka akiwa ameanza tena kula na kutembea mchana, ndipo mnapoanza kuwajulisha, na mnaanza kwa pua kabla ya macho. Chukua kitambaa walichokilalia vijibwa ukiweke mbali kidogo na bakuli la paka, kisha kila siku ukisogeze karibu zaidi. Kitambaa cha paka nacho kiende kwa vijibwa. Paka akila karibu na kitambaa hicho bila kusita, harufu imeshakuwa jambo la kawaida kwake.

Hatua ya kuonana ifanyike getini, alfajiri au baada ya Maghrib, wakati jua limepungua makali na vijibwa wameshakula, wamecheza na kuchoka. Mlete kijibwa mmoja peke yake, akiwa na kamba nyepesi ya mita 2 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Nasisitiza mmoja peke yake, kwa sababu vijibwa wawili wa tumbo moja huchocheana: mmoja akitega masikio mwingine hukimbia, na hapo hakuna anayekusikia. Paka awe upande wake, mbali kiasi cha yeye mwenyewe kuamua kuendelea kula. Kila mara kijibwa anapomtazama paka kisha akageuza macho kwako ulipoita jina lake, mpe kipande kidogo cha kuku wa kuchemsha asiye na mfupa. Hicho ndicho kiini cha mafunzo yote, kwamba kumwacha paka kuna faida kuliko kumfuata. Dakika chache zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, na mkomee pale mambo yakiwa bado shwari.

Asichapwe kijibwa aliyeruka au kubweka. Akipigwa mbele ya paka atajifunza kwamba paka huleta maumivu, na chuki itakayozaliwa hapo ni ngumu kuiondoa. Mwondoe tu, umrudishe baadaye kwa umbali mkubwa zaidi. Paka naye asikemewe anapofoka. Kufoka ni onyo linalotangulia ukucha, na paka aliyezuiwa kuonya hujifunza kupiga bila kuonya.

Mtoto wako anaweza kusaidia sana hapa kwa kufundishwa kusoma miili yao, kwa maana wanyama hawa wawili huelewana vibaya kwa uaminifu mtupu. Mbwa akitikisa mkia mwili wake wote ukiwa umelegea amefurahi. Paka akiupigapiga mkia wake huku na huku amekasirika. Kijibwa anayeinamisha kifua chini na kuinua makalio anaomba mchezo, lakini paka hukiona kitendo hicho kama maandalizi ya kuvamiwa. Masikio ya paka yakilala nyuma, mboni zikapanuka na manyoya yakasimama mgongoni, ongeza umbali mara moja. Kwa upande wa kijibwa, msiogope sana yule anayebweka na kurukaruka. Ninayemwogopa ni yule anayenyamaza, akakaza mwili, akamkodolea paka macho na asisikie hata jina lake likiitwa. Huyo anawinda, na anahitaji mafunzo ya muda mrefu zaidi na macho ya mtu mzima daima.

Geti linapokuwa halina tena maana kwao, yaani kijibwa analala upande mmoja na paka anajilamba upande mwingine, mruhusu kijibwa aingie ndani akiwa na kamba ile ile ikiburuta sakafuni, ili uweze kuikanyaga akitaka kukimbia. Usiwaache peke yao mnapotoka nyumbani. Hili liendelee mpaka ziwe zimepita wiki nyingi bila mbio hata moja, na kwa vijibwa wachangamfu huenda mkangoja mpaka wamepita umri wa mwaka. Vijibwa pia wanahitaji kazi: kitu cha kutafuna, mazoezi ya kukaa na kuitika, na usingizi mrefu, kwa kuwa kijibwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku na asipolala huwa msumbufu kupita kiasi. Wafundishe na kuwatembeza mmoja mmoja kila siku. Kama ungeniuliza kabla, ningekushauri mchukue mmoja sasa na wa pili baada ya mwaka, lakini wameshafika, na wote wawili wanastahili kulelewa vizuri.

Neno moja kuhusu joto letu. Kati ya Januari na Machi, chumba kilichofungwa madirisha huwa tanuri, kwa hiyo chumba cha paka kiwe chenye upepo na wavu imara dirishani, na vijibwa wasifungwe kwenye sakafu ya saruji isiyo na kivuli.

Itachukua muda gani? Kwa wengine wiki chache, kwa wengine miezi kadhaa. Paka wa miaka 6 huenda asiwapende vijibwa kamwe, na si lazima awapende. Siku mtakapomwona akipita mbele yao kwenda kwenye bakuli lake, nao wakainua vichwa kisha wakavilaza tena, kazi itakuwa imekamilika.

Swali: Daktari, salaam. Vijibwa wangu watatu walikuja na kupe na viroboto, nikanunua dawa ya maji ya kuogeshea mbwa. Imebaki nyingi, na sasa paka wetu anajikuna. Naweza kumwogesha kwa kipimo kidogo? – *Msomaji, Bamburi*

Jibu: Hapana, ndugu yangu, hata kwa tone moja. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye paka na mbwa alijue. Dawa nyingi za mbwa zina pamethrini, ambayo mbwa huivumilia lakini paka humuua, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuivunjavunja. Amitrazi, inayotumiwa sana kuogeshea mbwa na ng'ombe dhidi ya kupe, nayo ni hatari kwake. Paka aliyepata sumu ya pamethrini hutetemeka, hutokwa na udenda, huyumba, kisha hupata degedege. Akipakwa kwa bahati mbaya, mwogeshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunge taulo asijilambe, umkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa.

Kumbuka pia kwamba paka anayelala na kijibwa aliyepakwa dawa huweza kuinyonya kwa ngozi au kwa kumlamba, hivyo watenganishe kwa siku 3 baada ya kumpaka mbwa. Viroboto wanaomsumbua paka na mbwa kwa kawaida ni wa aina moja, kwa hiyo ukimtibu mmoja na kumwacha mwingine umejisumbua bure. Watibiwe wote siku moja, kila mmoja kwa dawa iliyoandikwa jina la mnyama wake, na matandiko yafuliwe kwa maji moto. Wapewe na dawa ya minyoo, kwa sababu kiroboto anayemezwa wakati mnyama anajilamba huleta tegu.

Kwa kuwa una vijibwa watatu, nakukumbusha chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa wafikapo miezi 3, na paka naye achanjwe, maana huugua na kuambukiza pia. Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu duniani huupata kwa mbwa, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Serikali ya Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo kufikia 2030, na haitaweza bila sisi wenye wanyama. Mtu akiumwa na mbwa au paka, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni bibi wa Mji wa Kale, na paka wangu hulala kwenye mswala wangu tangu zamani. Mjukuu wangu amehamia kwangu na kijibwa, naye humlamba paka kila anapompata. Nataka amani, lakini nataka na twahara yangu. – *Bibi, Mji wa Kale*

Jibu: Wa alaikum salaam, bibi yangu. Hukumu yenyewe muulize sheikh wako. Mimi nitasema yanayonihusu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo, ilhali paka ni twahara na huzunguka nyumbani kwa ruhusa. Kwa hiyo katika nyumba yako lengo lisiwe urafiki wa kulambana. Lengo liwe ujirani wa mbali, na kwa kweli paka wengi wangechagua huo huo kama wangeulizwa.

Kijibwa apewe mahali pake uani au kwenye baraza ya nyuma, penye kivuli na maji, asipande ghorofani. Mjukuu wako amfundishe kulala kwenye mkeka wake mwenyewe na kukisubiri hapo chakula chake, na paka anapotokea amwite kijibwa mkekani na kumtuza. Mswala wako ukunjwe uwekwe juu kila baada ya sala, na paka atandikiwe kitambaa chake karibu na dirisha analolipenda, kwa kuwa paka hufuata joto na harufu yako na hatajali kubadilishiwa kitambaa. Lakini mjukuu asimfungie kijibwa huko nyuma mchana kutwa bila mtu. Mbwa ni mnyama wa kundi, na upweke humfanya abweke, na majirani wa Mji wa Kale wamepakana ukuta kwa ukuta. Atenge muda wa kukaa naye asubuhi na jioni.

Swali: Je, naweza kuwapa kijibwa na paka chakula kimoja ili wazoeane? – *Kijana, Likoni*

Jibu: Kula kwa wakati mmoja, pande mbili za geti, ni vizuri. Kula chakula kimoja hakufai. Paka hawezi kuishi bila taurini, ambayo huipata kwenye nyama na samaki, na akilishwa chakula cha mbwa peke yake kwa muda mrefu moyo na macho yake huharibika. Kijibwa akila cha paka huharisha kwa wingi wa protini na mafuta. Usimpe yeyote kati yao masalio ya mchuzi wenye kitunguu au thomu, kwa kuwa vyote viwili huharibu chembe zao za damu, na paka ndiye anayeathirika upesi zaidi. Samaki umchemshe na kumtoa miba kwanza.